Tupeane uzoefu: Uliyebadilishiwa goti, ulirudi uwanjani?

Kiungo Mkabaji
Wakuu, habari za jioni. Jana nimepita viwanja vya Leaders nikakuta maveterani wanapasha. Mmoja ana kovu refu katikati ya goti utadhani zipu, na anapiga danadana kama hana habari. Nimeduwaa, maana kovu kama lile ninalo mimi, na niliambiwa mpira nisahau. Nimebadilishiwa la kulia mwaka jana, goti zima, lilishasagika mfupa kwa mfupa. Sasa hivi natembea fresh, ngazi napanda. Mliorudi michezoni mlirudije, na mchezo gani? Karibuni wote, isipokuwa wauza virutubisho.

Shangazi wa Tanga
Na kuswali je? Mimi mpaka leo naswalia kiti.

Kiungo Mkabaji
Kiti pia, shangazi. Nikijaribu kupiga goti nahisi kama si langu.

Winga Teleza
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Wewe unauliza uwanja, mimi nililia kwa kukunja tu.

Nilitoka hospitali na vidonge, sindano za kuzuia damu kuganda, na tarehe ya kutoa nyuzi. Karatasi ya mazoezi hakuna, maelezo hakuna. Nyumbani mama mkwe kwa huruma zake akawa ananiwekea mto chini ya goti, nalala raha mustarehe. Kumbe ndiyo sumu yenyewe! Goti linazoea kukaa limepinda kidogo, kunyooka halinyooki, na kukunja nako ndiyo hivyo tena. Alipokuja fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kile kipimo chake cha plastiki cha kupima pembe, akapima, akanyamaza, akapima tena. Sabini. Kuinuka kwenye kiti kama mtu mzima unahitaji tisini na ushee.

Tukaanza. Jamani. Anakaa kwenye kitanda, anashika kifundo, anasukuma taratibu huku ananiuliza habari za Simba na Yanga ili nisahau. Nilikuwa nang'ata taulo. Watoto walikuwa wanapelekwa kwa jirani akija. Halikusogea. Mwisho nikarudishwa chumba cha upasuaji, nikalazwa usingizi, daktari akalikunja kwa nguvu mwenyewe. Hakuna kisu, ni mikono tu. Nilipozinduka lilikuwa limevimba hatari lakini linakunja.

Baada ya hapo baiskeli ya kusimama ndani. Mwanzoni pedali haizunguki, unaibembeleza mbele na nyuma, mbele na nyuma. Siku ilipozunguka mzunguko mzima nilipiga ukunga mpaka dada wa kazi akaja mbio akijua nimeanguka. Leo naendesha baiskeli ya kweli mpaka Bunju. Mpira sijagusa na sina hamu.

Chura wa Coco
Huo mto! Mzee wetu tulimwekea nyumba nzima kwa zamu.

Dokta Kijiweni
Acheni woga. Yule Mmarekani wa kuteleza kwenye theluji, Lindsey Vonn, aliwekewa goti la bandia Aprili 2024, Desemba mwaka huohuo yuko Kombe la Dunia, Machi 2025 kashika nafasi ya pili akiwa na miaka 40. Nyie mnaogopa mchangani?

Bi Fizio
Soma vizuri kabla hujawapotosha watu. Yule alibadilishiwa upande mmoja tu wa goti, si goti zima kama la mleta mada. Na ana timu ya wataalamu nyuma yake, wewe una deep heat.

Dokta Kijiweni
Chuma ni chuma.

Bi Fizio
Chuma si tatizo. Juu chuma, chini chuma, katikati kuna plastiki ngumu. Hiyo plastiki ndiyo inalika, na ukiruka na kutua kila siku chuma nacho kinaweza kulegea kwenye mfupa. Utafiti uliotoka kwenye Lancet mwaka 2019 ulikuta magoti mazima kama 82 kati ya 100 yanafika miaka 25, tena kwa takwimu za Australia na Finland. Ukitaka lako lifike huko: kutembea, kuogelea, baiskeli, hata tenisi ya wawili wawili. Mpira wa kugongana, kikapu na kukimbia kila asubuhi madaktari wengi hawashauri.

Dokta Kijiweni
Kwa hiyo tufe tukiogelea. Sawa.

Mama Zuu
Ngoja niseme yangu maana nimecheka peke yangu kwenye daladala. Baba Zuu aliwekewa la kushoto. Akaniambia fizio kampangia mazoezi kila Jumamosi asubuhi. Mke nikafurahi, nampa nauli, namfungia uji kwenye chupa. Anarudi jasho tupu, nasema huyu fizio anajua kazi. Siku moja nafungua buti la gari nitoe mkaa, nakuta glovu za kipa zimelowa na zina mchanga. Fizio gani ana mchanga?

Jumamosi iliyofuata nikamfuata na bajaji mpaka Kigamboni. Mzee yuko golini! Kavaa suruali ndefu kuficha kovu, na refa ndiyo kwanza kaonyesha penalti. Sikungoja filimbi. Nikaingia na kanga zangu hadi kwenye mstari wa goli. Uwanja kimya, halafu mmoja akapayuka, "Refa, kadi nyekundu hiyo!" Baba Zuu ananinong'oneza, "Mama Zuu, hii moja tu, nakuomba."

Chura wa Coco
😂😂😂 Ikawaje??

Mkaanga Chipsi
Mwanamke unamfuata mume na bajaji? Ndiyo maana tunadanganya.

Shangazi wa Tanga
Angemkuta kwa mwanamke mwingine ungesema alifanya vizuri. Mwache mwenzio, alilipia hilo goti.

Mkaanga Chipsi
Shangazi, kwani lako nani alilipia?

Shangazi wa Tanga
Mwanangu aliyeko Muscat. Lingine?

Kiungo Mkabaji
Jamani turudi kwenye mada. Uvimbe wa jioni ni barafu au maji ya moto?

Winga Teleza
Barafu, ukiizungushia taulo.

Mkaanga Chipsi
Maji ya moto na chumvi. Bibi yangu hakuwahi kuona barafu na alicheza ngoma mpaka uzeeni.

Bi Fizio
Barafu, mguu juu. Goti kuwa na joto kidogo kwa miezi ya mwanzo ni kawaida. Ila likiwa jekundu, linauma kuliko jana na una homa, au kigimbi kimevimba na kinauma, usikande wala usipake kitu. Hospitali siku hiyohiyo.

Dokta Kijiweni
Punguza kitambi kwanza mleta mada. Hapo Bi Fizio hawezi kunipinga.

Bi Fizio
Leo tu.

Kiungo Mkabaji
Basi Jumamosi naanza kuogelea. Mtindo wa chura ruksa?

Bi Fizio
Uache kwanza, kule kupanua miguu kunalipinda goti pembeni. Piga miguu iliyonyooka.

Chura wa Coco
Mama Zuu, hatulali humu. Penalti iliingia au haikuingia?

Mama Zuu
Aliidaka. Ndiyo maana hashikiki mpaka leo.