Naipinga akili mnemba, nimeitwa niisahihishe. Nikubali?

Mchonga Kusini: Wakuu, habari za leo. Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Mtwara mjini. Mashine za kutengeneza picha nazipinga waziwazi, maana zimelishwa kazi za watu bila hata hodi. Sasa kampuni moja inataka nikague picha zao za "vinyago vya Kimakonde", nitaje makosa, nilipwe kwa kila picha.

Nimeoneshwa chache. Ndonya, lile pambo la mdomoni, imewekwa mdomo wa chini, wakati bibi zetu walivaa mdomo wa juu. Lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani ngomani, limechongwa kwa mpingo! Nani atacheza ngoma na mzigo ule kichwani? Linataka mti mwepesi. Na mpingo wenyewe mweusi tii kote, hakuna hata ule ukingo mweupe wa karibu na gome.

Nikinyamaza, mtoto wa Newala ataamini uongo huo. Nikisahihisha, nawanolea patasi. Nifanyeje?

Korosho Ghafi: Chukua hela mkuu. Ukikataa watampata mwingine.

Bi Mikindani: Hoja ya "watampata mwingine" siikubali, kwa hoja hiyo hakuna baya litakalokataliwa. Mwanangu, kumwambia mtu picha hii ni ya uongo ni jambo moja. Kumfundisha aufanye uongo wake usijulikane ni jambo lingine kabisa. Unamhofia mtoto wa Newala? Basi yaandike makosa hayo hadharani, weka na picha za kazi zako, ayasome. Ukiwaandikia wao faraghani, yeye hapati kitu.

Mwana wa Masasi: Naunga mkono. Ila kama utakwenda, mambo ya jandoni usiguse, hayo si yako peke yako kuyauza. Na mkataba usome wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi, kwa hiyo usisaini kuwapa haki ya kazi zako.

Mchonga Kusini: Shikamoo mama. Nitawauliza jambo moja: nikishataja kosa, picha inafutwa, au maelezo yangu yanarudi kuifunza mashine? Kama yanarudi, sifanyi. Hayo ya ndonya na lipiko naanza kuyaandika mwenyewe, na picha napiga kesho mchana kweupe, ukingo wa mpingo uonekane.

Korosho Ghafi: Tuwekee humu tuzisambaze.