Simu inachaji kwenye gari lakini Android Auto haifunguki

mshika_usukani
Wakuu, salamu. Redio ya gari ina skrini na Android Auto (mfumo wa kuonyesha programu za simu kwenye skrini ya gari), simu ni Android 13. Nikichomeka kebo ya USB simu inachaji vizuri, lakini alama ya Android Auto kwenye skrini inabaki na rangi ya kijivu. Kwa Bluetooth napiga na kupokea simu bila shida, ila muziki unatokea kwenye spika ya simu yenyewe. Vyote viwili nimeshazima na kuwasha. Tatizo liko wapi? Na je, niachane na kebo nitumie Wi-Fi?

nyaya_nne
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Anza na kebo.

Ndani ya kebo ya kawaida ya USB kuna nyaya nne: mbili za umeme, mbili za data. Kebo za kuchajia tu hazina zile za data, kwa hiyo simu itajaa chaji na redio haitajua kama kuna simu. Ichomeke kwenye kompyuta, kisha uteremshe arifa za simu. Usipoona chaguo la kuhamisha faili, iweke pembeni. Tafuta kebo ya data isiyozidi mita 1, na usiiunge na kebo ya kurefushia.

Kisha angalia tundu. Magari mengi yana matundu kadhaa ya USB na huenda moja tu ndilo limefika kwenye redio. Mara nyingi lina alama ya simu au ya USB. Lenye alama ya betri au radi kwa kawaida ni la kuchajia tu.

Chunguza pia tundu la simu. Vumbi la mfukoni hushindiliwa humo hadi plagi haizami yote: umeme unapita, data inakatika kila gari likirukaruka. Zima simu, uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano hapana, inapinda miguso ya ndani.

Mara ya kwanza gari liwe limesimama na simu imefunguliwa, maana ruhusa zote zinaombwa kwenye skrini ya simu. Tangu Android 10 huhitaji kupakua programu, Android Auto imo ndani ya mipangilio.

sauti_safi
Upande wa muziki: Bluetooth ina njia tofauti kwa kila kazi. Maongezi hupita HFP, muziki hupita A2DP. Yako ya pili imezimwa. Fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la gari, uwashe sauti ya media. Kwenye redio nako chagua chanzo kiwe Bluetooth, kisibaki FM.

Ikigoma, futa muunganisho PANDE ZOTE MBILI. Ukifuta kwenye simu peke yake, redio inabaki na ufunguo wa zamani (namba ya siri ya muunganisho) na huenda ikaendelea kukataa.

masafa5
Kuhusu Wi-Fi: kwa kawaida inataka Android 11 kwenda juu, simu yenye Wi-Fi ya GHz 5, na redio iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Bluetooth hufanya utambulisho, kisha kazi kubwa inahamia Wi-Fi. Ukizima mojawapo haianzi. VPN (programu inayopitisha intaneti kwa njia ya siri) nayo huweza kuizuia, izime kwanza.

Redio ya kebo pekee haigeuki kwa kubadili mipangilio, inahitaji adapta. Na adapta hiyo huchomekwa kwenye tundu lilelile la data, kwa hiyo ushauri wa tundu hapo juu hauukwepi.

mshika_usukani
Kompyuta haikuiona simu kabisa, kwa hiyo ni kebo. Sauti ya media nayo ilikuwa imezimwa, muziki sasa unatoka kwenye gari. Asanteni sana. Na kwa iPhone ni hivyohivyo?

nyaya_nne
Kebo na tundu, ndiyo. Ila kwa CarPlay, yaani mfumo wa iPhone unaofanana na Android Auto, lazima Siri (msaidizi wa sauti) iwe imewashwa, bila hiyo haifunguki. Ingia Settings, General, kisha CarPlay, uchague gari na uruhusu ifanye kazi simu ikiwa imefungwa. Kama gari halionekani kabisa, angalia vizuizi vya Screen Time (sehemu ya Settings ya kuweka mipaka ya matumizi), CarPlay inaweza kuwa imefungiwa humo.

Jambo moja zaidi kwa simu zote: tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa ampea 0.5 tu, yaani wati 2.5. Ramani ikiwa wazi safari nzima, chaji inaweza kushuka hata kebo ikiwa nzima kabisa.