Mystic River: kwa nini Dave anajibeba kama mwenye hatia?

Mpenda_Senema: Wakuu, swali kuhusu filamu ya Clint Eastwood ya 2003. Dave akiwa mtoto anachukuliwa na wanaume wawili waliojifanya askari, anafungiwa siku nne na kudhalilishwa, kisha anatoroka. Miaka 25 baadaye binti wa Jimmy, rafiki yake wa utotoni, anauawa, na kila anachofanya Dave kinamtia lawamani. Ni ujanja wa hadithi za upelelezi tu, au ndivyo majeraha ya utotoni yanavyokaa ndani ya mtu mzima? Mwisho mnaweza kuufichua.

Bi_Ushauri: Ujanja upo, lakini umepandishwa juu ya kitu cha kweli. Tazama ule mkono wa Dave uliovimba usiku binti alipouawa. Mkewe, Celeste, anaambiwa habari za kibaka, wengine wanapewa sababu nyingine kabisa. Kweli yenyewe ni kwamba usiku ule alimuua mwanamume aliyemkuta na mvulana ndani ya gari. Ili ajisafishe ingebidi aeleze kwa nini alipandwa na hasira kiasi kile, yaani aufungue mlango wa kile chumba cha chini alimofungiwa utotoni. Aibu ndiyo inayomfanya achague kushukiwa. Halafu msikilize anapomsimulia Celeste: anamtaja "Dave" kama mtu mwingine, mvulana aliyefia kule. Kujitenga na nafsi hivyo hutokea sana kwa waliodhalilishwa wakiwa wadogo.

Kamera_Moja: Naongezea upande wa picha, maana watu wanaupita haraka. Mwanzoni Dave na wenzake wanaandika majina kwenye saruji mbichi. La Dave linakatika kwenye DA. Kisha anageuka nyuma, anatazama kupitia kioo cha gari la wale askari wa uongo likiondoka. Akiwa mtu mzima anapanda gari la akina Savage, watu wa Jimmy, kiti kilekile cha nyuma. Eastwood haonyeshi ukatili wenyewe: chumba kwa kitambo kifupi, kisha mtoto anakimbia msituni. Ametumia dakika zake kwenye mabega yaliyoinama ya Tim Robbins, anayemwigiza Dave.

Mkosoaji_wa_Pwani: Mimi nina shida na yale maneno ya mbwamwitu na mazimwi wanyonya damu. Dave anahofia kwamba kilichomng'ata kimemgeuza, na filamu haimkanushi kwa sauti ya kutosha. Mtazamaji anaweza kuondoka akidhani aliyetendewa lazima atatenda, wakati wengi wao hawamdhuru mtoto yeyote. Filamu ya The Tale ya Jennifer Fox (2018) imefanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi. Mwanamke anajikumbuka kama msichana mrefu, mama yake anamwonyesha picha ya alivyokuwa hasa akiwa na miaka 13, na matukio yaleyale yanarudiwa na mtoto mdogo zaidi. Kumbukumbu inajirekebisha mbele ya macho yako, bila maiti wala mpelelezi.

Bi_Ushauri: Kwa mazimwi nakubaliana nawe, ila usisahau kule mtoni. Dave anasema kweli kwa mara ya kwanza, Jimmy haamini. Jimmy anamwahidi uhai akikiri, naye anakiri kosa lisilo lake, na bado anauawa. Ni amri ileile ya wale askari wa uongo: tii, utasalimika.

Kamera_Moja: Na gwaride la mwisho je? Celeste anahangaika pembeni ya barabara akimwita mwanawe Michael, naye mtoto amekaa juu ya gari la gwaride, kichwa chini.