Ukimwambia mfiwa "nyie hamkawii kutafuta kamba" huo siyo utani, na nimechoka kuambiwa nanuna

Wakuu, kamwene. Nipo Uyole hapa Mbeya, kwetu Kilolo, mke wangu ni mtu wa Rungwe. Leo natoa povu, asiyetaka povu apite.

Jumapili shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alifanya sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Pilau, ndizi na nyama, soda, turubai limejaa mpaka barabarani. Mimi sina muda mrefu tangu nimzike mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyejiua. Shemeji anajua vizuri, alituma rambirambi kwa simu. Sahani yangu inafika, ananiambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Shemeji kula, hiyo ni ng'ombe siyo mbwa. Na mtu asikuudhi hapa, nyie Wahehe hamkawii kutafuta kamba." Ule wimbo wa siku zote, kwamba Mhehe anakula mbwa na akiudhiwa anajinyonga. Turubai zima kicheko. Mke wangu naye akacheka kidogo, halafu akainamia sahani yake.

Nikamwambia taratibu, "Kaka, msiba wa nyumbani bado mbichi." Akawageukia wageni: "Si mnaona? Hawa watu hawana utani!"

Msiniletee habari ya utani wa makabila, utani naujua. Mngoni akinitania namwelewa. Babu zao na babu zetu walipigana kuanzia 1878 mpaka 1882, wakauana vya kutosha, leo ni watani. Lakini mtani ana kazi yake. Ukifiwa anakuja, anachota maji, anachimba kaburi, anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka wenyewe, na siku yake ikifika unamrudishia. Huyu shemeji Kilolo hakukanyaga. Ametoa wapi leseni ya kutania maiti yetu?

Halafu kuna wasomi wa vijiweni watakaokwambia "ni damu, tangu Mkwawa". Jamani! Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akawasumbua miaka saba, na tarehe 19 Julai 1898 walipomzingira kule Mlambalasi akajimalizia mwenyewe wasimkamate. Yule alikuwa vitani. Hakuwa amenuniwa na mkewe wala hakuwa na deni la mbolea. Mnachukua kifo cha mtawala aliyezungukwa na bunduki mnamvisha kila kijana wa Iringa mwenye shida zake.

Na hapo ndipo hasira yangu inapotoka hasa. Huyo mdogo wangu alijaribu kusema. Aliwaambia wenzake kijiweni kwamba amechoka, halali usiku, haoni mbele. Walimjibu nini? "Acha Uhehe wako." Wakacheka, naye akacheka nao. Hakusema tena kwa mtu. Sisemi kile kicheko ndicho kilichomuua, mambo haya yana sababu nyingi na mimi siyo daktari. Nasema alifungua mdomo akafungwa, na aliyemfunga anaamini alikuwa anachangamsha kijiwe. Ongeza na sheria yetu ya makosa ya jinai, ambayo mpaka leo inamhesabu aliyejaribu kujiua akapona kuwa mkosaji. Sasa mtu wa hivyo akaongee na nani? Kwenda polisi ataogopa, kijiweni watamcheka.

Turudi kwa shemeji, maana simalizi naye. Siku hiyo hiyo kachumbari ilizidi chumvi. Akamwita mkewe mbele ya wageni, mama mzazi wa yule dada akiwa amekaa hapo hapo: "Hivi wewe mwanamke, kichwani kwako kumejaa nini?" Yule dada akachukua bakuli akarudi jikoni bila neno. Ana dawa za presha anameza kila siku, na umri wake haujafika arobaini. Aliwahi kupeleka malalamiko kwa wazee wa ukoo. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

"Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Sasa tatizo liko wapi? Vumilia mama. Mnyakyusa ni mkali mdomoni, moyoni hana kitu."

Wazee wangu, shikamooni, lakini hapo mlikosea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja ukatili wa mwili au wa akili, yote mawili, miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo "hajanipiga" haimalizi kesi. Yule mtafiti wa Marekani, John Gottman, aliyewarekodi wanandoa wakibishana kwa miaka mingi, anasema katika mambo yanayotabiri talaka, dharau ndiyo inaongoza: kejeli, kumwiga mwenzako, kumgeuzia macho. Kugombana wanagombana wote, hata wanaodumu.

Na hiyo ya "Mnyakyusa ndivyo alivyo" ni kuwasingizia Wanyakyusa. Nimeoa huko, nimefundishwa. Kwa mila za Rungwe mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mwanamke akimwona mzee anakuja njiani anaacha njia, anajificha. Kabila lililotunga heshima kali namna hiyo kati ya wakwe ndilo mnalotaka kuniambia halijui kuchunga mdomo mbele ya mkwe? Shemeji ana mdomo mchafu yeye kama yeye. Kabila alisamehe.

Kisingizio kingine ni "mimi nasema ukweli, sina unafiki". Mbona kwa bosi wake hasemi ukweli? Nimemwona akiongea naye kwenye simu, amesimama wima kabisa, "ndiyo mzee, sawa mzee, nimekuelewa mzee". Breki anazo. Anachagua wa kumfungia na wa kumwachia.

Tangu Jumapili nalala saa nane usiku. Moyo unakwenda mbio nikikumbuka tu ile sauti. Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, presha inapanda, haujali kama kilichokushtua ni simba au ni mdomo wa shemeji. Mke wangu tumesameheana, ameniambia alicheka kwa kuogopa kuonekana anabishana na kaka yake mbele za watu. Namwamini.

Ila juzi jioni mwanangu wa kiume wa darasa la pili amemnyang'anya dada yake rula, binti akalia. Unajua kijana alimwambia nini? "Nyamaza, Mhehe wewe." Baba yake Mhehe, yeye mwenyewe Mhehe! Alikuwepo chini ya lile turubai.

Sasa Pasaka wanatuita tena kwa shemeji. Nimetuma ujumbe kwenye kundi la familia: sikanyagi mpaka aniombe msamaha, na aniombe mbele ya watu wale wale, siyo pembeni kwa kunishika bega. Wamenijibu niwe mtu mzima. Mtu mzima ni yule anayetukana au ni yule anayetukanwa?

Na wewe unayekuja hapo chini kuandika "Mhehe kanuna", andika na kabila lako tukuone.