Likizo ya Juni au ya Desemba? Naomba ushauri kuhusu safari ya Tromsø, kaskazini mwa Norwe

Mwalimu wa Same

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, huu ni mwaka wa 22 kazini. Kila mwaka nachora dunia ubaoni, nainamisha mhimili wake nyuzi 23.5, kisha nawaambia watoto kwamba huko juu kuna miezi jua halizami na miezi halichomozi. Na kila mwaka hakosi mtoto mmoja wa dawati la nyuma wa kuuliza, "Mwalimu, wewe umeona?" Nami nawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Sasa mdogo wangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Tromsø. Ana chumba, kwa hiyo malazi ni bure. Nauli nimeidunduliza kwenye kikoba miaka mitatu. Nina siku 10 tu, na kwa kuwa shule ndiyo hiyo, ni likizo ya Juni au ya Desemba, basi.

Nataka jua la usiku wa manane. Nataka aurora, zile taa za rangi zinazocheza angani usiku. Nataka kujua maisha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko, si kupiga nao picha tu. Nataka na mlima, hata mdogo, maana Shengena kwetu nimepanda mara nne na magoti bado yananitii nikiyabembeleza. Rafiki yangu ananisukuma niongeze na Svalbard, vile visiwa vya Norwe vya kaskazini zaidi. Umri miaka 47. Nianzie wapi?

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Gerezani

Desemba, mwalimu. Aurora ndiyo habari ya mjini. Juni ukatazame nini, jua? Si lipo hapo Same linachoma mkonge?

Mnunuzi wa Karanga

Mwalimu, kwanza uamue, maana hivyo viwili havikai chungu kimoja. Aurora ipo mwaka mzima kule juu, ila bila giza huioni. Juni hakuna giza. Mimi yalinikuta: wakala mmoja aliniuzia safari ya katikati ya Juni na kwenye karatasi kaandika "kutazama aurora usiku". Nimefika, nauliza usiku ni saa ngapi, mhudumu wa hoteli akanitazama kwa huruma. Msimu wake ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili. Anayekuahidi nje ya hapo anauza upepo.

Bi Zuhura wa Kaskazini

Dada, nimekaa mji huo majira tisa ya baridi, natokea Mkunazini, Unguja. Nisikilize kidogo.

Tromsø iko latitudo 69 na ushei, karibu kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Jua halichomozi kuanzia kama tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari, na kwa sababu ya milima watu wa mjini wanaliona tena tarehe 21 Januari. Siku hiyo maofisini na mashuleni watu wanakula maandazi yenye jamu kulikaribisha. Lakini lile "giza totoro saa ishirini na nne" tuliloimbishwa shuleni silo. Mchana kuna saa chache za mwanga wa buluu, kama ule wa kabla ya alfajiri kukamilika pale Forodhani, na theluji inaupokea na kuuzidisha. Kazi zinaendelea, watoto wanacheza nje.

Baridi nayo si ile unayoiwaza. Wewe unafundisha mikondo ya bahari, unajua: maji ya vuguvugu ya Atlantiki yanapanda hadi huko, kwa hiyo wastani wa Januari mjini ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Ukiingia bara kilomita mia mbili, hapo ndipo utaijua baridi.

Sasa la muhimu, ambalo hakuna wakala atakwambia. Desemba kila burudani ina bei. Kufukuzia aurora kwa basi dogo hadi palipo na anga safi, ni krona (pesa ya Norwe) elfu moja na kuendelea kwa mtu. Kigari cha theluji cha kuvutwa na mbwa, elfu mbili na zaidi. Nyangumi ni kweli wapo Novemba hadi Januari, ila siku hizi wanaonekana zaidi upande wa Skjervøy, na boti si rahisi. Baridi ndiyo ya bure. Halafu ukipata siku tano za mawingu mfululizo, na Tromsø mawingu si mgeni, unarudi na picha za mawingu.

Juni unatoka mlangoni na miguu yako. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea porini na kulala huko, hata ardhi ikiwa ya mtu, mradi hema likae angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba na usizidishe siku mbili mahali pamoja bila ruhusa. Hakuna kiingilio cha hifadhi. Mtu aliyezoea lango la KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro, anaweza kulia.

Kwa mshahara wa mwalimu, mimi nasema Juni.

Kijana wa Gerezani

Bi Zuhura umeniharibia hoja. Ila aurora ni aurora.

Bi Zuhura wa Kaskazini

Ni kweli. Na mara nyingi kwa macho inaonekana kama wingu jeupe linalotembea, ule ukijani unatiwa nguvu na kamera. Usiku mzuri, hata hivyo, inacheza mpaka unasahau vidole vyako. Simdanganyi mtu.

Mgumu wa Marangu

Shikamoo mwalimu. Nabeba mizigo Kilimanjaro, kwa hiyo nitasema la mavazi tu. Juni kule ni kama asubuhi ya Horombo, kambi yetu ya mlimani: nyuzi 8 hadi 13, mvua ya rasharasha, upepo. Ndani vaa sufu nyembamba, usivae fulana ya pamba, maana pamba ikishika jasho inabaki nalo na ukisimama unatetemeka. Juu weka koti la mvua la kweli. Usinunue kitu dukani kule, nenda mitumba ya Memorial, Moshi, wageni wanaacha majaketi mazuri. Viatu uvivae mwezi mzima kabla.

Nimesikia kuna kebo kaa ya kupandisha watu mlimani hapo Tromsø. Kama ile iliyotakiwa kujengwa Kilimanjaro, tukaipinga. Mwalimu panda kwa miguu, utuheshimishe.

Bi Zuhura wa Kaskazini

@Mgumu utafurahi. Kebo ipo tangu 1961, inafika Storsteinen, mita 421. Lakini pembeni yake kuna ngazi za mawe, zaidi ya 1,200, na waliozijenga ni Masherpa kutoka Nepal. Wenzako hao. Theluji ikishayeyuka zinapitika. Watu wa mjini wanazipanda jioni kama sisi tunavyokwenda Forodhani, na wapo wazee wa miaka 70 watakaokupita bila kuhema.

Otieno wa Kisumu

Mwalimu, achana na Svalbard safari hii. Kuna mtego wa viza pale unanasa wengi. Norwe bara iko ndani ya Schengen, ule umoja wa nchi za Ulaya wenye viza moja; Svalbard iko nje. Ukitoka Tromsø kwenda Longyearbyen, mji wa Svalbard, umeondoka Schengen, na ukirudi umeingia mara ya pili. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, kurudi ndio shida, na hakuna njia nyingine ya kutoka kisiwani. Isitoshe, ukitaka kutembea nje ya mji ni lazima muwe na kinga dhidi ya dubu weupe, na kwa mgeni hiyo kwa kawaida ni mwongozaji mwenye bunduki. Kwa siku 10 na kikoba, hapana.

Viza yenyewe: ada ni euro 90, bima ya kuanzia euro 30,000, na Norwe kwa kawaida wanataka uonyeshe krona 500 kwa kila siku utakayokaa, isipokuwa mwenyeji wako akikudhamini. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla. Usingoje Mei. Barua ya mwajiri inayoonyesha lini unarudi darasani ina uzito kuliko unavyodhani.

Mwalimu wa Same

Asanteni sana. Svalbard nimeifuta. Bi Zuhura, swali la pembeni: mimi ni Mwislamu. Magharibi isiyofika naswali saa ngapi? Na saa zetu za Kiswahili je? Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza. Lisipozama, saa moja ni ipi?

Bi Zuhura wa Kaskazini

Hilo la saa nimelicheka peke yangu jikoni. Mama yangu alipokuja Julai alinipigia kutoka chumbani: "Zuhura, hii saa nane ni ya mchana au ya usiku?" Nami ilibidi nitazame simu.

Swala: Waislamu wapo na msikiti upo. Wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu ambako jua linazama. Ukifika uliza, ufuate jamaa unaoswali nao. Kwa usingizi, chukua kanga mbili nzito, moja ya dirisha, moja ya macho.

Baba Furaha

Mama Mwalimu, jambo. Mimi ni Mkongomani, natokea Uvira, sasa niko Alta, huku huku kaskazini mwa Norwe, mwaka wa kumi. Niongeze kwa upande wa Wasami, sababu wageni wanakosea sana.

Usiwaite Walapi, ni tusi. Na usimuulize mfugaji ana kulungu (hawa wa kaskazini, reindeer) wangapi. Ni sawa na kumuuliza mtu ana pesa ngapi benki. Wewe wa Tanzania unaelewa, nani anamuuliza Mmasai idadi ya ng'ombe zake akapata jibu la kweli?

Juni kulungu hawako zizini. Wengi wamehamishiwa pwani na visiwani kwa malisho, na ndama wamezaliwa Mei, bado ni wachanga. Utawaona pembeni ya barabara, hata Kvaløya, kisiwa jirani na mji. Simama, usiwafukuze kwa picha. Ukitaka sherehe, ya kwao kubwa ni tarehe 6 Februari, na hapo Tromsø huwa wanashindanisha kulungu katikati ya barabara kuu. Utaikosa. Lakini nenda makumbusho ya chuo kikuu, wana sehemu ya Wasami inayoeleza pia machungu. Hapa Alta, mto wetu ulipowekewa bwawa, mwaka 1979 vijana wa Kisami waligoma kula mbele ya bunge kule Oslo. Bwawa lilijengwa, lakini miaka 10 baadaye walipata bunge lao, huko Karasjok. Ukijua hilo, ukisikia mtu anaimba joik, wimbo wa jadi wa Kisami, hutamwona kama ngoma ya watalii.

Na ule mlima mkubwa unaoonekana ng'ambo ya mji, Tromsdalstinden, mita 1,238, kwa Kisami ni Sálašoaivi na kwao ni mtakatifu. Kuupanda ni siku nzima na Juni una theluji bado. Uangalie tu kwa heshima.

Mbu wapo. Malaria hakuna.

Bi Zuhura wa Kaskazini

Ahsante Baba Furaha. Dada, ya bure au ya bei ndogo mjini: bustani ya mimea ya chuo, wanasema ndiyo ya kaskazini kabisa duniani, haina kiingilio. Kanisa la Ishavskatedralen la 1965, lile la pembetatu nyeupe, utaliona hata ukiwa upande wa pili wa daraja. Makumbusho ya Ncha za Dunia (Polarmuseet) yana habari za Amundsen, yule aliyefika Ncha ya Kusini wa kwanza. Aliruka kutoka mji huu Juni 18, 1928 kwenda kuwatafuta wenzake waliopotea, naye hakuonekana tena. Chakula nunua dukani upike, mgahawani utafilisika. Maji kunywa ya bomba.

Jambo la mwisho, la kitaalamu. Usikae kusubiri saa sita ya usiku. Kwa namna saa zao zilivyopangwa majira ya joto, jua linafika chini kabisa kama saa saba kasorobo.

Mwalimu wa Same

Juni imepita. Nimerudi jana, miguu imevimba, naandika nikiwa nimeiloweka.

Siku nne za mwanzo, mawingu. Mdogo wangu akaanza kuniomba radhi kana kwamba ameyaleta yeye. Tuliswali kwa saa za Makka, tukaenda makumbusho, tukatembea Kvaløya na kuona kulungu saba wamesimama barabarani wakiangalia basi. Dereva alizima injini akasubiri, hakuna aliyepiga honi.

Tarehe 24 anga likafunguka. Nilikuwa nimechukua chaki moja nzima kutoka shuleni, sentimita 8, na rula. Mchana, saa saba kasorobo, niliisimamisha juu ya ubao ule wa jukwaa pale Storsteinen. Kivuli kilikuwa karibu sawa na chaki yenyewe. Tukashuka, tukala, tukalala kidogo, tukapanda tena kwa ngazi za Masherpa (@Mgumu, nilipumzika mara 19, nilihesabu). Saa saba kasorobo ya usiku jua lilikuwa kaskazini, chini, rangi ya papai, na chaki ile ile ilitupa kivuli cha karibu mita moja na nusu, ncha yake imefifia hata rula sikujua niiweke wapi. Kimelala kusini kabisa. Watu walikuwa wakipiga picha jua, mimi napiga picha kivuli. Mzee mmoja wa Kinorwe aliniuliza ninafanya nini, nikamwonyesha, akashika ncha ya pili ya rula tukapima upya.

Mdogo wangu akasema, "Dada, kinaelekea nyumbani." Ilibidi nimsahihishe. Tromsø iko longitudo 19 mashariki, Same iko 37 na ushei. Ukinyoosha kivuli kile kusini moja kwa moja mpaka latitudo yetu, unaangukia Kongo.

Baba Furaha

Mama Mwalimu, basi kilikuwa kinatutafuta sisi.