Barua za Livingstone: zinunuliwe na matajiri au zikae wazi kwa wote?

Mwanakwihara: Wakuu, barua yenye mkono wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ikiingia mnadani huko Ulaya, tajiri anainunua na kuifungia ndani. Nyingi ziliandikiwa huku: Ujiji, Kwihara karibu na Tabora, Bambare (leo Kongo). Mimi napinga mtu binafsi kuzimiliki. Mnasemaje?

KaptenTanga: Aliyenunua kanunua. Barua ya Bambare ya Februari 1871, aliyomwandikia rafiki yake Mwingereza Horace Waller, ilikuwa ya mtu binafsi, na wataalamu wakapewa nafasi ya kuipiga picha za mwanga maalumu mpaka maandishi yaliyofifia yakasomeka. Ingebaki huku ingeliwa na mchwa. Hata wale waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani walibeba mzigo tu, hawakujua kusoma.

BintiBagamoyo: Hawakujua kusoma?! Jacob Wainwright alisoma shule ya misheni Nasik, India. Ndiye aliyesoma ibada moyo wa Livingstone ulipozikwa alikofia, kijijini kwa Chitambo (leo Zambia), mwaka 1873, akachonga maandishi kwenye mti. Shajara aliyoandika kwa mkono wake ipo Blantyre, Scotland. Uliza kabla hujatukana wazee wa watu.

KaptenTanga: Huyo ni mmoja. Hao watumishi wake wengine, Chuma na Susi, je?

BintiBagamoyo: Chuma naye alisomeshwa Bombay. Waller alipohariri shajara za mwisho za Livingstone, Chuma na Susi walipelekwa Uingereza wakamsaidie. Unamwita mtu mpagazi wakati bila yeye mhariri angekwama!

Mzee wa Urambo: Wanangu, hoja ya mchwa imesahau jambo. Msafara wa maiti ulipofika Tabora, Mwingereza Cameron, msafiri waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike palepale. Wakakataa. Cameron akachukua vifaa vingi vya kupimia, lakini makaratasi yalifika pwani. Kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo ni miezi mingi ya mvua, homa na njaa. Nani basi aliyeyalinda?

Shabani_K: Na ndio maana Chuma na Susi wakapewa heshima ya kubeba jeneza kanisani Westminster, London, 1873.

BintiBagamoyo: Hapana kaka. Mazishi ni tarehe 18 Aprili 1874, na aliyekuwepo ni Wainwright. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya mazishi.

Shabani_K: Kwa hiyo waliobeba miezi yote ile hawakuitwa msibani? Hili linaniuma kuliko habari ya mnada.

Mwanakwihara: Jamani, barua.

KaptenTanga: Barua zinazouzwa zimeandikwa na Livingstone, si na Chuma. Serikali ikizitaka iende ikapandishe dau kama wengine. Na picha za nyingi zipo bure kwenye tovuti ya Livingstone Online, mnaotaka kusoma someni.

BintiBagamoyo: Picha nimezisoma. Shajara ya 1871 kule Nyangwe (leo Kongo) Livingstone kaiandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda ya porini, kwa sababu karatasi zilimwishia. Aliyachuma nani hayo matunda, Kapteni? Na usinijibu habari za dau.