Mrejesho: Modeli za mawasiliano kidato cha tatu

Niliuliza namna ya kufundisha modeli za mawasiliano (maelezo ya jinsi ujumbe unavyomfikia mtu) bila wanafunzi kukariri michoro tu. Zoezi mlilonishauri limefaa sana. Wawili wanapeana migongo. Mmoja anaeleza mchoro, mwenzake anachora bila kuuliza chochote, dakika 3. Hiyo ndiyo modeli ya wataalamu Shannon na Weaver: ujumbe unakwenda upande mmoja. Raundi ya pili maswali ruksa, na modeli ya Schramm (1954), ambayo mpokeaji naye anajibu, inaeleweka papo hapo. Mchoro uwe na maumbo 4 yanayogusana. Likiwa moja, wote wanapatia na tofauti haionekani.

Panapokwama ni "kelele", yaani chochote kinachovuruga ujumbe; wanadhani ni sauti tu. Washa redio kwanza, kisha mpe msemaji neno gumu, mfano "msambamba" (umbo la pande nne, zinazoelekeana zikiwa sambamba). Weaver naye alizungumzia kelele hiyo ya pili, ya kutoelewa maana.